Pacha Waliotangulia

Rochdale,
Novemba 2018

Kwa Mheshimiwa anayesimamia nafuu ya kodi za familia, London.

Natumaini hujambo, wewe na watoto wako, wote wawili.

Mimi ni Gillian Ormerod, mama wa watoto watatu, ingawa kwa hesabu zako ninao wawili. Mume wangu Keith anaoka mikate kiwandani, mimi napakua chakula cha mchana shuleni, na pale mishahara yetu ilipopelea, nafuu ya kodi, yaani fedha ambazo serikali huwalipia watoto, ilikuwa ikiziba pengo. Sasa serikali imeamua mtoto wa tatu ale hewa, na pauni hamsini na tatu za kila wiki tunazisikia kwa wenzetu tu. Siandiki kulalamika. Naandika kuomba radhi kwa makosa yetu, kama ifuatavyo:

1. Wilf, kitinda mimba wetu, alichelewa. Sheria ya kutomlipia mtoto wa tatu atakayezaliwa ilianza Aprili sita mwaka jana. Yeye alitarajiwa mwanzoni mwa mwezi, akajikalia tumboni wiki nzima zaidi. Nimemsema vya kutosha, lakini haonyeshi dalili ya kujuta.

2. Kosa kubwa ni langu. Nilizaa pacha kwanza, Hattie na Poppy, ndipo akaja Wilf. Nilipopiga simu ofisini kwako, kijana mmoja mwenye adabu sana alinifafanulia: "Mama, ungeanza na huyo mmoja, halafu wakafuata pacha, tungewalipia wote watatu." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilizaa, sikuagiza dukani." Akasema, "Pole mama, ndivyo sheria ilivyo." Watoto ni walewale, midomo ni ileile. Naomba basi kibali cha kumwandikisha Wilf upya awe kifungua mimba. Hattie na Poppy wana miaka sita, lakini ni wasikivu, watakubali kuwa wadogo zake.

3. Wilf hajaarifiwa kwamba hayupo. Anakula, anaota meno, na baridi inampata kama mtoto halali. Mita yetu ya gesi ni ya kulipia kwanza, na ikikatika huwakatikia wote watatu bila kuuliza nani ana nafuu. Jumapili Keith alisema ameshiba kabla hajakaa mezani. Nimeishi na mtu huyu miaka kumi, sijamwona akishiba. Hilo liliniuma, Mheshimiwa, na mzaha wake siujui.

4. Kwa hiyo nikaisoma sheria yako. Inasema mtoto anayelelewa na ndugu, kwa kuwa wazazi wake wameshindwa, hulipiwa hata akiwa wa tatu. Dada yangu Janine, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu, naye ana wa tatu asiyelipiwa, Corey. Tumeamua kubadilishana. Mimi nitashindwa kumlea Wilf, yeye atashindwa kumlea Corey, kisha kila mmoja atamwokoa wa mwenzake. Keith akasema, "Gill, umerukwa na akili." Nikamwambia, "Mimi? Hebu soma mwenyewe." Alisoma, akarudia kusoma.

5. Mpango ukifaulu, naomba uenezwe nchi nzima, kila mama amkabidhi wa tatu kwa ndugu yake. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wewe umeonyesha kwamba kulea ni kazi ya kulipwa, mradi mtoto asiwe wako.

Nisalimie mawaziri wenzako, makarani wote, na yule kijana wa simu. Keith anakusalimu. Hattie na Poppy wanakusalimu. Wilf naye angekusalimu, kama angekuwepo.

Wako mtiifu, asiyejua kupanga foleni ya uzazi,
Bi. Gillian Ormerod

N.B. Kabla sijafunga bahasha tulifanya majaribio. Wilf alikwenda kwa Janine na blanketi lake, Corey akaja kwangu. Nilimwekea maharage juu ya mkate wa kubanika, akala bila shida. Mara nikamsikia Wilf akilia nyuma ya ukuta. Nilitoka na ndara zangu kwenye mvua, nikamchukua pamoja na blanketi lake. Naye Corey amegoma kurudi kwao mpaka amalize sahani ya pili. Tafadhali futa namba nne na tano. Mezani sasa kuna watoto wanne, na fedha ni ya wawili.