Naomba Nirudishiwe Betri Zangu Zilizochoka

Bonga, Babati
16 Machi 1984

Kwako Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Ugawaji, Duka la Ushirika,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mtoto wangu Fabiola, wa miezi saba, hajalala siku nne, na sababu ni duka lako.

1. Jumatatu zilikuja betri. Muuzaji wenu Herieli akasema hupewi mpya mpaka urudishe za zamani. Nikatoa zangu nne, nilizokuwa nazianika juu ya bati tangu Krismasi ili zipate nguvu. Akazitupa kwenye boksi, akanipa mpya. Nilifurahi, nakiri.

2. Fabiola analala kwa kaseti moja tu, ya disko la mitambo, lile ambalo hakuna mtu anayepiga ngoma wala gitaa. Romani fundi redio alilinakili kutoka kaseti iliyonakiliwa kwenye kaseti nyingine. Linakwaruza kama chumvi kwenye kikaango, na katikati mama yake Romani anasikika, "We Romani, ugali unapoa!" Kwa betri zangu lilikuwa linajikokota kama ng'ombe aliyeshiba. Kwa zenu linakimbia. Mtoto anakodoa macho.

3. Nilirudi dukani kuziomba. Mbele ya foleni nzima Herieli akasema, "Mama Fabiola, wenzako wanalilia mpya, wewe unalilia mizoga?" Watu wakacheka. Nikaondoka na mtoto mgongoni, wote wawili tunalia.

4. Kwani kuchoka ni kosa? Basi la Arusha limechoka na tunalipanda. Kanga yangu imechoka na ndiyo nabebea mtoto. Hata kamati yako, samahani Mwenyekiti, ipo tangu sijavunja ungo, na hakuna aliyekuja kuikusanya kwenye boksi.

5. Kwa hiyo naomba betri zote zichoshwe kwanza ndipo ziuzwe. Ateuliwe mjumbe wa kukaa na tochi inayowaka mchana kutwa. Wajumbe wako kazi hiyo wanaiweza.

Nina imani utanisikia, maana nawe una wajukuu. Wasalimie mama wa nyumbani, wajumbe wote, na hata huyo Herieli.

Ni mimi mwenye macho mekundu,
Katarina Teodori (Mama Fabiola)

N.B. Baba Fabiola amesoma barua akauliza nani halali, maana mtoto anakoroma tangu nilipokuwa naandika namba mbili, na redio imezimwa. Ni kweli. Na jana alilala, na juzi. Mwenyekiti, tangu nijifungue sijacheza. Mgongo bado haujapona, disko la mbio hizo siliwezi. La polepole ninaliweza. Nirudishie hata mbili.