Mdadisi wa Ghorofa ya Pili

Jumanne, 14 Januari 2025

Nyumba yetu imechaguliwa! Katika mtaa mzima wa Kiponda, na majumba yote haya ya mawe yaliyobanana, utafiti wa afya umeangukia mlango wangu. Mlango wa Junaid umerukwa. Junaid ni jirani yangu, tumekua pamoja, ana watoto watano na maneno mengi. Nilimweleza kwa upole kwamba watu wa takwimu huchagua kwa utaalamu. Kanijibu kwamba hata nzi huchagua sahani.

Furaha haikudumu. Mdadisi mwenyewe, Bi Ilham, binti mwenye adabu na kishikwambi, alisema hana haja na mimi. Anamtaka mke wangu. Shemsa peke yake, mlango umefungwa, keshokutwa asubuhi.

Nikamuuliza atamuuliza nini. Akasema ni mambo ya uzazi. Humrudisha mwanamke nyuma mwezi kwa mwezi, miaka mitano yote: lini alikuwa na mimba, lini alizaa, lini alitumia njia ya kupanga uzazi, lini aliiacha na kwa nini aliiacha. Wengine hawakumbuki Machi wala Agosti, basi yeye huwashika kwa Ramadhani, kwa Mfungo Sita wa maulidi, kwa harusi ya fulani.

Miaka mitano! Mimi mume wake sijui hata robo ya hayo.

Ninachojua ni hiki. Tuna Ummy, yuko darasa la kwanza. Mwaka juzi Shemsa alishika mimba, ikatoka, na tangu siku hiyo hatujaitaja. Huenda kituo cha afya peke yake na akirudi hasemi kitu. Mtoto wa pili haji. Shemsa amekuwa mkimya. Naogopa amenichoka. Haya, nimeandika. Naogopa anangoja tu siku ya kufunga virago arudi kwao Makunduchi.

Kumuuliza? Hata kidogo. Mtu akiuliza, anaweza kujibiwa.

Jumatano, 15 Januari

Hila ya kwanza. Safi kabisa. Nilifunga kibanda changu cha kutengeneza feni pale Darajani, nikaenda kwa Sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Nikamweleza kwa huzuni kwamba mke wangu ni wa Makunduchi, na akiulizwa mambo mazito Kiswahili cha mjini humruka, hubaki na Kimakunduchi kitupu. Mdadisi atahitaji mkalimani. Mtu anayeaminika, wa humo humo ndani. Nikashusha macho.

Sheha kasema wazo zuri. Akamwita Bi Ilham, kumbe yuko chumba cha pili.

Kumbe Bi Ilham kazaliwa Makunduchi!

Akanisemesha kwa lugha ya kwao, sentensi ndefu, huku akitabasamu. Sikuambulia neno. Nikajibu, "Naam." Sheha akainamia meza, mabega yanamtikisika. Nilipokuwa natoka akanifasiria: nilikuwa nimeulizwa kama mimba ya safari hii nitaibeba mimi.

Junaid keshapata habari. Sijui nani kampa. Jioni barazani kaniulizia afya yangu na kunishauri nisinyanyue vitu vizito.

Alhamisi, 16 Januari

Sina uhakika kama naweza kuandika haya. Naandika.

Chumba chetu cha mbele kina dirisha la kuangalia uchochoroni, na dirishani kuna kikapu cha kamba, kama nyumba nyingi za huku. Mchuuzi akipita, Shemsa hushusha kikapu, hutiwa alichoagiza, hukivuta juu. Kikapu kiko karibu kabisa na mkeka ambao wangeukalia. Asubuhi, Shemsa yuko jikoni, nikaiweka simu yangu chini ya kitambaa cha kikapu. Inarekodi. Nikashuka barazani, nikakaa kwa Junaid na wenzake, nikaomba kahawa kama mtu asiye na jambo.

Bi Ilham akafika. Akapanda. Nikahesabu ushindi.

Kisha akapita muuza bajia.

Nilisahau nini? Nilisahau kwamba Shemsa ni mtu wa Makunduchi, na mgeni kwake haulizi wala haulizwi neno kabla hajatia kitu mdomoni! Kikapu kikateremka. Nikaruka, lakini Junaid alikuwa karibu zaidi, keshapokea bajia kwa mchuuzi. Akainua kitambaa ili atie bajia, akaiona simu. Akaitazama. Akanitazama. Akabonyeza.

Mahojiano hayakuwamo. Yalikuwa hata hayajaanza. Ilikuwamo sauti yangu peke yake, ya wakati naificha simu. Mimi nikiwa peke yangu husema ovyo, na sikujua kama nimesema. Baraza zima likanisikia: "Moja, mbili, tatu. Inashika? Inashika. Ya Rabbi, asiniache. Shemsa wangu asiniache, ya Rabbi."

Hakuna aliyecheka. Hata Junaid. Namjua tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani, na leo ndiyo mara ya kwanza namwona akiinamisha macho. Ningependa zaidi angecheka.

Nikainua macho. Shemsa yuko dirishani, kamba mkononi.

Junaid kanirudishia simu, akatia bajia, kikapu kikapanda taratibu, dirisha likafungwa. Wakakaa humo hadi adhana ya adhuhuri. Sikusikia hata neno.

Jioni Shemsa kanipa kichwa cha samaki, changu mkubwa. Kwa kawaida tunakigombania. Nikakila chote kwa woga.

Ijumaa, 17 Januari

Baada ya Sala ya Ijumaa nilimvizia Bi Ilham kwenye kona ya msikiti na kibati cha halua. Halua ya moto, yenye lozi. Nikamwambia sitaki aseme neno. Mimi nitasema, yeye atikise kichwa tu.

Kakataa kutikisa. Kakataa na halua, eti hairuhusiwi. Siri ya mtu hamwambii hata mama yake mzazi. Akageuka aende zake, kisha nadhani nilimtia huruma, akarudi hatua moja. Akasema kazi yake haina uchawi. Anauliza, kisha ananyamaza, anangoja. Wanawake husema wenyewe. Wengine humshika mkono wasimwache aondoke, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nikamshukuru. Halua nikaila mwenyewe ngazini, na katikati ya kipande cha mwisho fikra ikanijia. Kubwa! Sijui kwa nini niliachia siku zote hizi zipotee.

Utafiti sitausikiliza. Nitaufanya!

Jumamosi, 18 Januari

Ummy kaenda kwa bibi yake. Nilivaa kanzu ya Idi na fremu ya miwani isiyo na vioo, niliyoikuta katika feni ya mteja. Nikashika kipande cha boksi la feni kiwe ubao. Nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikamwarifu Shemsa kwamba Sheha ametoa amri: kila nyumba iliyohojiwa irudiwe kuhojiwa, ili kupata uhakika.

Alikuwa anakuna nazi. Akanitazama kwa muda, kuanzia miwani hadi ubao. Akanawa mikono. Akasema, "Karibu, bwana mdadisi," akanionyesha mkeka, akafunga mlango kwa komeo. Kasema ndivyo alivyofanya yule wa kwanza, haifai mtu mwingine asikie. Akaniuliza kama mumewe yuko karibu.

Nikasema nilimwona akitoka.

"Afadhali," kasema.

Nikamuuliza jina. Nikamuuliza umri, akaupunguza kidogo, sikubisha. Kisha nikamwomba anirudishe nyuma, mwezi kwa mwezi. Hakuhitaji kusaidiwa. Alikwenda moja kwa moja hadi mwaka juzi, Mfungo Sita, maulidi yanasomwa msikitini kwetu na sauti zinaingia dirishani, na yeye amelala kwenye kitanda cha ndani, mimba imetoka.

Mdadisi akainamia ubao wake.

Akaendelea mwenyewe. Kasema mwezi ule mume wake alitengeneza feni. Feni zote za nyumba, kisha za majirani, kisha akafungua hata ile iliyokuwa nzima. Hakusema neno. Yeye alikuwa akilala pale anasikia bisibisi tu, akawa anadhani analaumiwa. Alipopata nguvu akaenda kituoni kuchomwa sindano ya kupanga uzazi, si kwamba hataki mtoto, ila kwa hofu ya kumpoteza mwingine. Kisha akaacha. Lini? Mfungo Mosi uliopita, Idi imekwisha tu.

Swali linalofuata nalijua. Bi Ilham alinitajia mwenyewe siku ya kwanza. Nikauliza sababu ya kuacha.

Kasema niandike: anataka kuzaa tena.

Nikaandika.

Kasema niongeze: na mume yule yule. Nikasema hakuna nafasi kwenye ubao. Akasema nipindue.

Nikapindua. Kisha nikauliza, kwa niaba ya serikali, mbona hayo yote hakumwambia mumewe. Akanijibu polepole. Kasema, "Hajaniuliza." Kasema mgeni kapanda ngazi zetu mara moja, kauliza, kajibiwa, na mwenye nyumba analala naye ubavuni tangu mwaka juzi hajauliza. Kila akitoka kituoni alikuwa akipita mbele ya kibanda cha mumewe makusudi, mwendo wa pole, labda leo ataulizwa atoka wapi. Na kila mara mumewe aliinua kichwa akauliza kama feni ya jikoni inazunguka vizuri.

Ni kweli. Niliuliza hivyo. Kila mara. Moyo ulikuwa unanidunda nikimwona anakuja, na hilo ndilo neno lililokuwa karibu.

Nikataka kuvua miwani niipanguse, kidole kikapita moja kwa moja hadi jichoni. Shemsa akacheka. Kisha akalia, nami nikalia, ubao ukaanguka, nazi ikabaki haijamalizwa kukunwa. Mwisho akamwomba mdadisi, akimwona mumewe, amfikishie salamu kwamba hakuna mtu anayerudi Makunduchi.

Nikasema nitamfikishia.

Jumapili, 19 Januari

Mtu mpya! Kuanzia leo nitauliza. Wazi, ana kwa ana, bila kikapu. Nimemwambia Junaid kwamba siri ya ndoa ni kuuliza. Kasema yeye humuuliza mkewe kila siku, matokeo yake ndiyo yale matano.

Nilitaka kuifuta ile sauti kwenye simu, fedheha ile isiwepo duniani. Shemsa kanipokonya. Keshajitumia kwenye simu yake. Anasema hiyo ni mali yake.

Nampenda sana. Sikuwahi kuliandika hilo humu, sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Februari

Dalili. Shemsa hataki harufu ya kahawa. Juzi alikula embe bichi kwa chumvi na pilipili hadi meno yangu mimi yakaingia ganzi. Alasiri analala, mtu ambaye halali mchana hata Ramadhani.

Mtu yeyote angeuliza. Nami nilikuwa niulize! Asubuhi nilisimama mlangoni mwa jikoni, swali limefika kwenye meno. Akanigeukia, akaniuliza kama nina la kusema. Nikafikiri: na kama siyo? Nikiuliza na ikawa siyo, nitakuwa nimemtonesha. Nikasema naenda kazini.

Nilikwenda kwa Sheha. Nikamwomba awaite tena wale wa utafiti, nyumba yangu ina habari mpya, na Bi Ilham anajua kuuliza vizuri. Sheha kasema hurudi baada ya miaka, na si lazima iwe nyumba ile ile. Nikamwambia siwezi kungoja miaka. Kaniuliza kama mke wangu yuko nyumbani. Nikasema yuko. Kaniuliza kama anasema. Swali la ajabu kutoka kwa kiongozi.

Nikarudi barazani. Hakuna mchuuzi uchochoroni, lakini kikapu kikateremka. Taratibu, hadi mbele ya uso wangu. Ndani mna kitu kimoja, kikofia cha sufu, kile cheupe cha Ummy alipozaliwa.

Junaid alichungulia kabla yangu. Akaziba mdomo. Akanyanyuka akanikumbatia, kahawa yake ikamwagika kwenye kanzu yangu, na naapa macho yake yalikuwa mekundu.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Viatu nimeviacha barazani. Shemsa alikuwa dirishani, kamba bado mkononi, ananingoja. Nikafungua mdomo. Nikavuta pumzi. Nikamuuliza kama kamba haijaanza kulika.

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka tumboni mwake, akanijibu lile ambalo sikuuliza. Alilijibu mara mbili, maana mara ya kwanza masikio yalikuwa yanavuma.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Naogopa, na yeye anaogopa, na tumeambiana. Sina la kuongeza.

Ila moja. Atakuwa mvulana au msichana? Siku ikifika ya kupigwa picha ya tumbo, nesi atajua, na Shemsa atajua kabla yangu. Naweza kumuuliza, ni kweli. Lakini pale kituoni, chumba cha kupimia kina feni ya darini, nami ni fundi feni. Inasemekana inazunguka vizuri. Nitaenda siku moja kabla kuhakikisha haizunguki, ili siku yenyewe niitwe kuitengeneza.

Junaid atashika ngazi.