Kuhusu Karani Aliyelikata Jina la Shangazi Yangu

Ndugu Mhariri,

Mimi ndiye kijana mwenye akili kuliko wote waliowahi kufukuzwa Sekondari ya Saint Wenzel. Mwalimu mkuu mwenyewe alikiri, safari ya tatu: "Rusty, akili hiyo ungeisomea, leo ungekuwa unanifukuza wewe." Kwa hiyo naomba barua hii isitupwe ukurasa wa ng'ombe waliopotea.

Namlalamikia Bi. Lorna Tiedeman, karani wa uchaguzi wa kaunti yetu, kwa kulikata jina la shangazi yangu, Arlys Vondracek, kwenye karatasi ya kura. Shangazi amekaa Bodi ya Elimu ya Jimbo miaka kumi na miwili. Aliingia siasa kwa hasira, baada ya kuonja chakula cha shule, na hasira haijamwisha. Ndiye aliyewaweka wajumbe saa mbili nzima wakibishana kama nguruwe wa kitabu cha darasa la pili ana afya ya kutosha. Ndiye pia anayeizuia Bodi isiifunge shule ya Kolbeck, yenye watoto kumi na tisa. Sasa amebaki mgombea mmoja tu, Darrel Poppe, ambaye amekwisha kusema shule ndogo ni kuku wasiotaga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sheria inataka wadhamini mia mbili. Mimi, meneja wa kampeni, nilileta mia tatu na kumi na mmoja, sahihi zote nimezikusanya uwanjani kwetu kwa mechi moja ya Ijumaa. Nionyesheni profesa aliyewahi kufanya hivyo.

2. Bi. Tiedeman, badala ya kunipa mkono, alivaa miwani. "Rusty, mwanangu, hawa mia mbili na arobaini wanaishi Kaunti ya Pawley. Si wapiga kura wa huku." Nikamjibu kwa adabu, "Mama, mtu huishi popote." Akasema, "Basi akapige kura huko popote."

3. Hao watu wa Pawley, siku ya mechi, walikalia mabenchi yetu, wakamaliza soseji zetu, wakapanga foleni ya choo chetu mpaka mapumziko yakaisha. Mtu aliyetumia choo chako ni mgeni kwa kipimo gani? Tena walitufunga pointi arobaini na moja kwa tatu. Mtu akuchape kwenu, mbele ya mama yako, halafu uambiwe sahihi yake haitoshi?

4. Kwa kuwa kosa ni la mpaka, mpaka usogezwe. Naomba Kaunti ya Pawley iunganishwe na yetu kabla ya Jumanne. Mto wenyewe unaotutenganisha hata bata anauvuka kwa miguu. Ikishindikana, tupewe bendi yao tu, maana walidhamini wote, hadi mpiga tarumbeta kubwa, ambaye nakiri ana miaka kumi na minne.

5. Bi. Tiedeman arudishwe darasa la nne akafundishwe ukarimu.

Nimeambiwa muda wa kurudisha fomu umepita. Huo muda waliuweka watu, watu wauondoe.

Kwa heshima zote naiweka kalamu chini, nikiwasalimu wasomaji, kwaya ya kanisa, wazima moto wa kujitolea na mama anayeuza soseji uwanjani. Darrel Poppe naye apate nusu salamu.

Wako katika kudai haki,
Rusty Vondracek
Meneja wa Kampeni (nimesimamishwa kidogo)

N.B. Bora usiichape. Shangazi alinipa wiki tatu na orodha ya nyumba mia mbili na hamsini, zote za humu humu, za watu wanaompenda. Ile mechi ilikuwa siku ya mwisho. Nilisimama upande wa wageni kwa sababu kule hakuna anayenijua, wa kuniuliza siku hizi nafanya nini. Jumapili Shangazi kasimama kanisani, kawaambia watu, "Mtoto wa kaka yangu msimguse. Kazunguka nyumba kwa nyumba mpaka viatu vimekwisha. Mwenye kosa ni Lorna." Lorna alikuwa benchi la nyuma yake, anazo fomu zote, anajua. Akafungua tu kitabu chake cha nyimbo. Mhariri, sikubisha hodi hata mlango mmoja.