Mwanga wa Buluu Juu ya Boma Langu

Jumatatu, 12 Mei
Saa mbili usiku, ukungu mzito hapa Elburgon. Anga lote likawaka buluu, mara tatu! Stima ikapotea kidogo, ikarudi. Sikujali stima. Mke wangu Cheruto akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ni setilaiti. Sikuwa na uhakika, lakini Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa chama cha maziwa, na mimi nakitaka hicho kiti kuliko kitu chochote. Mwenyekiti hasemi "sijui".

Jumanne, 13 Mei
Kila mtu anaongea juu ya mwanga. Wengine wanasema malaika, wengine ndege za jeshi. Gathogo, jirani yangu na mpinzani wangu kwa kiti, anasema ni mkaratusi wangu unagusa waya za stima. Huyu mtu! Tangu Januari ananisumbua niukate. Nimeulea miaka tisa ufike urefu wa kuuzwa kama nguzo. Gathogo akiumwa na jino atasema ni mkaratusi wangu.

Jumatano, 14 Mei
Upepo mkali. Mwanga mara tano! Nimeandika saa na mahali: juu ya boma langu. Kila mara ni juu ya boma langu. Naona hiyo ni heshima. Nimempigia simu Daktari Nuria, mhadhiri wa mambo ya anga kule Njoro, aje Ijumaa aseme ukweli mbele ya watu. Nimealika wanachama wote. Gathogo nimemwalika mara mbili.

Ijumaa, 16 Mei
Daktari alikuja na darubini. Wanachama arobaini uani, Cheruto akiwamiminia chai. Nikahutubu kidogo kuhusu setilaiti. Daktari akauliza, kwa upole, kama setilaiti huonekana kupitia ukungu. Nikasema za siku hizi, ndiyo.

Upepo ukaja. Mwanga! Daktari hata hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia balbu ya mlangoni, jinsi ilivyofifia kila anga lilipowaka. Akatembea hadi mpakani, akasikiliza, akauliza mti huu ni wa nani. Watu wote wakanitazama. Nikasema tusiharakishe, tusikilize pande zote.

Mti haukusikiliza pande zote. Tawi kubwa lilikatika, likalala juu ya waya. Paa! Giza, kuanzia kwangu hadi kwa tangi la kupozea maziwa ya chama. Tangi lilikuwa limejaa, na chama hakina jenereta. Gizani nikamsikia Gathogo akinishukuru kwa mwaliko.

Jumamosi, 17 Mei
Stima bado. Maziwa yote yamechacha, pamoja na ya ng'ombe wetu watatu. Yamemwagwa shimoni. Cheruto alisimama pale mpaka ndoo ya mwisho.

Kura ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nyuma yangu alisimama mbwa wa mlinzi, na hata yeye aliondoka kabla ya kuhesabiwa. Cheruto alikuwa wa tatu katika mstari wa Gathogo. Nikaenda nikamnong'oneza kwamba amekosea mstari. Akasema hajakosea. Hiyo iliniuma, haki ya nani. Leo siandiki zaidi.

Jumatano, 21 Mei
Mafundi wa stima walikuja jana. Mkaratusi wangu umekatwa wote, sasa ni kuni. Wamesimamisha nguzo mpya, ndefu kuliko ile ya zamani, ya mkaratusi wa mtu mwingine! Mwenyekiti Gathogo alipita kunipa pole. Alikaa kwa pole hiyo karibu saa nzima. Cheruto ameanza kuniongelesha tena, lakini ni habari ya kuni tu.

Jioni nilikaa juu ya kisiki nikapima kwa macho. Waya sasa ziko juu zaidi, zaidi sana. Yaani nafasi ipo! Kumbe shida haikuwa mti, ilikuwa nguzo fupi. Nimepanda miche sita.