Saa Tatu za Magoti Yangu

Jumamosi, 3 Machi

Mkutano wa chama chetu cha waendesha pikipiki. Wanachama kumi na mmoja, viti tisa. Nimesimama, kama kawaida.

Habari kubwa! Mwezi ujao chama kinasafiri siku kumi na mbili, milimani, msituni, hadi ziwani. Safari nzima itarekodiwa na mtu mmoja mwenye kamera kwenye helmeti. Mtu huyo atakwenda mbele, nyuma tu ya Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwalimu wa udereva mstaafu. Hata kabla ya kupiga funda la chai anatazama kushoto na kulia.

Masharti ameyatoa mwenyewe. Anayetaka kazi apande barabara ya mlimani, arekodi, alete picha Jumamosi ijayo. Picha isikatwe wala kuungwaungwa. Memori kadi itachomolewa kwenye helmeti mbele ya wanachama na kuonyeshwa ukutani hapo hapo. Mwenyekiti hapendi ujanja ujanja.

Tumejitokeza wawili. Mimi na Meno.

Meno ni daktari wa meno. Ana pikipiki kubwa, buti za ngozi, na suruali ya kijivu yenye kinga za magoti. Hasemi sana, hajisifu, anamsalimia kila mtu. Simpendi hata kidogo. Kamera yake ni sawa kabisa na yangu, ila mimi niliwahi kununua kwa wiki moja. Kwa hiyo ameniiga.

Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu habari. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Kisha akasema pikipiki ile imejaza veranda miaka miwili bila faida, na mdogo wake, yaani shemeji yangu, anasambaza mikate kwa baiskeli mpaka mgongo umempinda. Nikichaguliwa, pikipiki ni yangu na hatanisema tena. Nisipochaguliwa, Jumapili asubuhi shemeji anaichukua.

Nikakubali papo hapo. Kwani nani atashindwa?

Jumapili, 4 Machi

Siku ya kwanza ya umaarufu wangu.

Nimevaa suruali yangu ya bahati, ile ya kahawia. Goti la kulia lina kiraka. Mke wangu alikishona kwa uzi wa kijani, kwa sababu wa kahawia ulikuwa umekwisha na yeye hakuona haja ya kwenda dukani kwa ajili ya goti langu.

Kamera nimeifunga mwenyewe. Mimi ni fundi wa fremu katika duka la miwani. Skrubu ndogo ndogo ndiyo riziki yangu. Zile skrubu kubwa zilizokuja na kamera nilizidharau. Nikafunga skrubu nne za miwani, nikaiweka sawa mbele ya kioo. Kazi safi.

Saa tatu barabarani. Ukungu bondeni, mto unang'aa, kona baada ya kona. Niliimba.

Nimerudi, nimefungua picha. Dakika ya kwanza: barabara. Dakika ya pili: barabara kidogo na tangi la mafuta. Kuanzia dakika ya tatu: magoti yangu. Mtikisiko ulilegeza skrubu, kamera ikainama taratibu kama mtu anayesinzia kwenye hotuba. Saa tatu za magoti! Yanaonekana vizuri sana, hilo siwezi kukataa. Uzi unahesabika.

Mke wangu alipita nyuma yangu, akauliza natazama nini. Nikafunga kompyuta. Sijaifuta. Nitaichekea siku nikiwa maarufu.

Jumanne, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Bosi aliuliza familia ina nini. Nikasema ina pikipiki.

Safari hii nilijua dawa. Kama kamera inainama, basi uanze kwa kuiinua. Nimeielekeza juu kiasi, ili ikishuka ifike pale pale panapotakiwa. Hesabu tupu! Pia nimekaza skrubu mpaka bisibisi imepinda.

Haikushuka.

Saa tatu za mawingu. Kuna ndege mmoja, dakika ya arobaini. Nimemtazama mara nne.

Jirani kaniambia amemwona Meno akiosha pikipiki yake. Bado hajarekodi. Anajiamini mno, yule mtu.

Jumatano, 7 Machi

Gundi! Kwa nini sikufikiria gundi?

Nimeigandisha kamera kwenye helmeti kwa gundi ya kubandikia soli za viatu. Sasa haiinami wala hainyanyuki. Kilichobaki ni kichwa changu, maana kichwa kikicheza, picha inacheza. Nikaamua kufanya mazoezi. Nimevaa helmeti kuanzia saa nane mchana. Nimefagia ua nayo, nimekata vitunguu nayo (machozi hayakunipata, faida ya ziada), nimekula nayo, kijiko nikikipitishia chini ya kioo. Shingo wima kama nguzo.

Mke wangu alikula akitazama ukuta. Alipomaliza akampigia mdogo wake simu, akamwambia aanze kutafuta mahali pa kufungia makreti ya mikate nyuma ya pikipiki. Alisema kwa sauti, makusudi, nisikie. Roho iliniuma. Lakini sikuinamisha kichwa. Nisingeweza, shingo ilikuwa imeshakaza.

Alhamisi, 8 Machi

Nimeamka shingo imekwama upande wa kushoto. Mke wangu amenisugua dawa ya misuli huku akicheka, na mkono wa anayecheka hausugui sawasawa.

Hakuna kurudi nyuma. Nimepanda mlima hivyo hivyo, uso kushoto, jicho moja tu likitazama barabara. Nilikwenda polepole hata mtu wa mkokoteni akanipita.

Kwenye kona moja yenye tangi la maji maumivu yakanizidi. Nikasimamisha pikipiki, nikalala kwenye majani, miguu nikaipandisha juu ya kiti cha pikipiki ili damu ishuke shingoni. Helmeti kichwani, maana ilikataa kutoka. Nikiwa hapo, nani anapita? Meno! Suruali ya kijivu, kamera mbele. Alipunguza mwendo, akapiga honi kunijulia hali. Nikampungia mkono kwa heshima zote, kama kiongozi anayeaga uwanja wa ndege, ili ajue kwamba nimepumzika kwa hiari yangu. Akaendelea zake.

Picha ya leo: saa tatu za mtaro wa kushoto. Nimekwisha maliza chini, juu na kando. Kilichobaki ni nyuma.

Kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Nimekwenda verandani kuitazama pikipiki. Nimeifuta kioo. Miaka miwili hii, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho watu waliniulizia ni hicho. Nimehuzunika kwa kama dakika tano.

Halafu nikapata wazo.

Ijumaa, 9 Machi

Wazo lenyewe: kamera zetu ni sawa, kadi zetu ni sawa. Meno huenda kazini na pikipiki, na helmeti huitundika ndani. Yangu nimeitia mfukoni, yake naichomoa, yangu naichomeka. Kwisha habari!

Lakini huwezi kuingia kwa daktari wa meno bila jino. Nikashika shavu tangu mlangoni, nikagugumia. Meno akanipokea kwa upole unaoudhi, akanikalisha kwenye kile kiti kinacholala. Helmeti ilikuwa pale pale, msumarini, nyuma ya kiti. Nikamwuliza, hivi hivi tu, kama ameiona picha yake ya jana. Akasema bado, anataka kuiona kwa mara ya kwanza pamoja na wanachama. Nikashukuru kimoyomoyo.

Akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Nilitarajia aseme halipo baya. Akagonga jino moja, akagonga la pili, akasikitika, akasema kumbe nimevumilia sana, gego la chini kulia limeoza mpaka mzizi. Nikamwambia limeshapoa. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Sindano ya ganzi ilikuwa mdomoni kabla sijapata uongo wa pili.

Jino limetoka baada ya dakika ishirini. Aliegemeza goti moja kwenye kiti ili apate nguvu ya kuvuta. Alipokwenda chumba cha pili kuchukua pamba, nikaruka, damu mdomoni, nikabadilisha kadi, nikarudi kulala. Sekunde nane! Mikono ya fundi miwani hiyo.

Meno akakataa malipo. Eti sisi ni wanachama. Akanifungia na jino langu kwenye karatasi.

Shavu limevimba kama nimeficha ndimu. Lakini kadi ninayo. Nimelala mchana mzima nikitabasamu upande mmoja.

Jumamosi, 10 Machi

Nimeumbuka.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu alikuja, akaja na shemeji, na shemeji akaja na kamba za kufungia makreti. Nikajifanya sioni.

Mwenyekiti akachomoa kadi kwenye helmeti yangu mbele ya wote. Ya kwanza kuonyeshwa! Ukungu ukatokea ukutani, kisha bonde, kisha mto. Picha imetulia tuli. Mwenyekiti alivua miwani (nilimtengenezea mimi), akaipangusa, akaivaa tena. Mke wangu alinigeukia. Miaka kumi na minne ya ndoa, na sijawahi kuona ananitazama vile. Shemeji akaweka kamba chini ya kiti. Nilisikia raha ambayo sijui niieleze vipi.

Ndipo ikaja kona ya tangi la maji.

Kwanza pikipiki, imeegeshwa kwenye majani. Kisha miguu miwili juu ya kiti chake. Kisha mtu amelala chali, helmeti kichwani, anapunga mkono kwa heshima zote.

Mwenyekiti akasimamisha picha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza: ndugu mwanachama, kama kamera ilikuwa kichwani kwako, yule pale ni nani?

Nikamjibu ni pacha wangu. Kwa sababu ya shavu ilibidi nirudie mara tatu, na mara ya tatu nilipiga kelele ukumbi mzima ukasikia. Mke wangu akasimama, akasema ameolewa katika ukoo ule miaka kumi na minne, amepika misiba yote na harusi zote, na huyo pacha hajawahi kuja hata kula.

Mwenyekiti ni mtu wa haki. Akasema hatuhukumu bila kuona kadi ya pili. Ikachomolewa ya Meno. Dakika mbili za barabara, na baada ya hapo, magoti. Ile picha yangu ya Jumapili, ambayo sikuifuta.

Hapo nikapata nguvu mpya. Goti halina jina! Nikasimama, nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba inasikitisha kuona mtu msomi kama daktari analeta magoti yake mbele ya wazee. Meno alikuwa ameduwaa, anajitazama miguu. Baadhi ya wanachama wakaanza kuguna. Kidogo tu! Kidogo tu nitoke salama!

Mke wangu akatoka kwenye kiti chake. Akatembea hadi ukutani, taratibu. Kivuli chake kikafunika goti la kushoto. Akaweka kidole juu ya goti la kulia.

"Kiraka hiki nimekishona mimi," akasema. "Na huu uzi ni uliobaki kwenye foronya zangu."

Ukumbi ulicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje kukohoa. Mwenyekiti alicheka pia, na yeye hajacheka tangu astaafu. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya kiti anatafuta kamba zake.

Meno ndiye mpiga picha wa safari. Mimi Mwenyekiti ameniambia, kwa huruma, kwamba nikitaka naweza kukaa nyuma kwenye pikapu, juu ya mahema. Mlangoni Meno alinisimamisha. Nilijua sasa nitapewa za uso. Akaniuliza kama damu imekatika, akanikumbusha nisitafunie upande wa kulia. Basi tu. Bora angenipiga kofi.

Jumapili, 11 Machi

Shemeji alikuja saa moja asubuhi. Alinikumbatia, akasema mgongo wake utanikumbuka siku zote. Pikipiki ikawaka mara ya kwanza, jambo ambalo haikuwahi kunifanyia mimi. Nikaisikiliza mpaka mlio ukapotea. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado unauma.

Saa tano shemeji alipita na makreti nyuma, akatuachia mkate wa moto. Mke wangu akanikatia vipande vyembamba visivyohitaji kutafunwa, akaniuliza kwa upole kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza, tena sana. Akafurahi, akaniongezea chai.

Na ni kweli. Nimekaa verandani, ambako sasa pana nafasi ya kutosha, nikaipitia wiki nzima, hatua kwa hatua, bila kujipendelea. Kamera haikuwa na kosa. Gundi ilishika. Kadi nilibadilisha kwa sekunde nane. Hata pacha wangu angekubalika, kama tungemwandaa mapema. Mpango mzima ulikuwa mzuri isipokuwa jambo moja.

Suruali.

Nimemfuata fundi cherehani nyumbani kwake, Jumapili yote hii, nikamsihi mpaka akatoa futi. Nimemwambia anishonee ya kijivu, yenye kinga za magoti, ile ile ya Meno. Akauliza kama nimenunua pikipiki nyingine. Nikamwambia hayo ya pikipiki yatakuja baadaye, yeye apime. Akapima. Safari ijayo hata mke wangu hatayajua magoti yangu.