Mawaziri Watatu wa Mandari ya Tiwi

Jumatano, 8 Januari 2025. Ibra, Omani.
Mandari yetu ya Tiwi, pwani ya huku Omani, sisi tuliorudi kutoka Afrika Mashariki, ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kila mwaka huipanga Nasr wa Nizwa, mtoto wa Mombasa, kwa kupiga kelele. Mwaka huu basi! Mimi nilikuwa karani makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mlima Meru dirishani, suruali ya bugaluu, harufu ya wino. Mawaziri watatu, kila nchi mmoja: Fedha na Utawala, Soko la Pamoja, Mawasiliano. Utaratibu ule nitaufufua.

Alhamisi, 9 Januari.
Mkutano Bidbid, mkahawa wa chai, njia panda ya Nizwa na Ibra. Ndiyo Arusha yetu. Nasr, mtu wa reli zamani: Mawasiliano, yaani basi. Ghanim wa Sur, aliyekulia Kampala: Soko, yaani mchele na mbuzi. Mimi, wa Tanzania: Utawala, pamoja na sufuria kubwa. Hakuna kitu kusogea mpaka wote watatu tukubaliane. Nasr akasema, "Khalaf weye, Arusha ulikuwa ukigonga mihuri tu!" Uzushi. Nilipanga na mafaili.

Jumapili, 12 Januari.
Mke wangu Ghaniya, mzaliwa wa Unguja, kauliza nani waziri wa Zanzibar. Nikamjibu Zanzibar iko chini yangu. Kasema, "Haya, bwana." Chakula cha mchana: mkate mkavu. Cha usiku: ule ule.

Jumanne, 14 Januari.
Balaa. Nasr kakataa mbuzi, ataka samaki. Ghanim kakataa samaki. Mimi nimekataa saa ya basi, kwa sababu hawakuniuliza. Nasr kajiuzulu kwa simu: kila kilichoko kwa mtu ni chake! Basi Nizwa, mchele Sur, sufuria kwangu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka sabini na saba, Jumuiya ilipovunjika. Treni huku, ndege kule. Siku ya mwisho tulirudisha funguo, hakuna aliyeaga vizuri. Mimi niliondoka na muhuri mmoja mfukoni. Macho yananiwasha. Vumbi la Ibra.

Ijumaa, 17 Januari.
Ghaniya kaondoka mapema, kwa dada yake Sur, kasema. Nikapakia sufuria nikaenda Tiwi peke yangu. Angalau mmoja afike.
Wote wapo! Basi, mchele, mbuzi, na samaki juu yake. Ghaniya kawapigia simu, kashika mwiko, anaamuru. Kilichokosekana ni sufuria tu. Nasr akaniita mheshimiwa, akanikumbatia. Mimi na yeye tukapewa vitunguu tumenye. Akanisimulia kengele ya stesheni ya Mombasa. Tukalia sana. Vitunguu vikali.

Jumamosi, 18 Januari.
Nimetafakari. Kosa lilikuwa dogo: mawaziri walikuwa wachache. Mwakani watakuwa wanne, Ghaniya aingie, awe Zanzibar. Nimeandika waraka na kuugonga muhuri wa Arusha. Tarehe yake imekwama Juni 1977, haidhuru. Ghaniya kauliza itakuwaje wakigombana. Nimemtuliza: hakuna kitu kusogea mpaka wote wanne wakubaliane.