Gesi Ambayo Mama Hakuambiwa

Jumatatu, 3 Push, mwezi wa baridi kali
Nyati wetu amekufa alfajiri. Mama amemlilia kuliko alivyomlilia baba. Mimi nimelilia mtambo wa biogesi. Bila mavi yake hakuna gesi. Bila gesi ni kuni, na daktari wa mjini Bharatpur alishasema moshi ukimrudia mama kifuani, baridi hii haimalizi. Nimeandika mipango miwili.

Alhamisi, 6 Push
Mpango wa kwanza umeanguka. Niliwafuata nyati watano wa jirani Lokendra hadi mtoni, ndoo mkononi. Akaniuliza mbele ya watu ni lini nimeajiriwa nyuma ya nyati wake. Mavi yao, akasema, yanaingia mtambo wake mwenyewe. Nimerudi na nusu ndoo.

Jumamosi, 8 Push
Mama akiwa hekaluni, nimeunganisha bomba la choo na mtambo. Kwenye mafunzo ya biogesi walisema gesi ni gesi, haina ukoo. Lakini mama hali kilichopikwa kwa uchafu wa watu, na sahani ya kwanza huwa ya miungu. Kwa hiyo sikumwambia.

Jumatano, 19 Push
Mwali wa bluu, urefu wa kidole! Mama amepika dengu akiimba. Anasema marehemu nyati ametuachia baraka. Nimeitikia.

Ijumaa, 21 Push
Lokendra ameliona bomba. Akampongeza mama kutoka ng'ambo ya ua: siku hizi mnajilisha wenyewe, shangazi, hamna hasara. Mama hakunigombeza. Amesugua sufuria zote kwa majivu, akahamia jiko la nje. Shoka lina kutu. Miaka kumi na moja hatukuugusa msitu.

Jumatatu, 24 Push
Anakohoa mpaka anashika ukuta. Nimemweleza kwamba vijidudu ndivyo vinavyogeuza uchafu kuwa gesi safi. Akasema hilo ameelewa, yeye si mjinga. Ningemwambia mapema, angemuuliza kuhani, angezoea polepole. Lakini nimemfanya awadanganye miungu kwa mkono wake mwenyewe. Akauliza ni kipi kingine anachokula asichokijua.

Alhamisi, 27 Push
Leo amekohoa damu. Nimemwapia kwa jina la baba kwamba bomba nimeling'oa, na Lokendra amekubali kutugawia mavi ya nyati wake. Amerudi ndani. Amewasha gesi, ametenga sahani ya miungu. Kisha akanishika kichwa, akasema mwanangu sasa umekua.
Bomba nimelifukia futi mbili, juu nimepanda haradali. Safari hii hata Lokendra hataliona.